Chatu mpya hagusi chakula: je, nimlishe kwa nguvu?

Swali: Daktari, siku 18 zilizopita nilinunua chatu mchanga wa aina ya Python regius mwenye uzito wa gramu 240. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba anakula vizuri. Nimemweka katika tangi kubwa la kioo lenye taa ya joto, pango moja na bakuli la maji. Kila baada ya siku mbili humwekea panya mweupe niliyemtoa kwenye friza na kumwacha ayeyuke mezani, lakini chatu hujikunja akawa donge na kuficha kichwa. Jioni humtoa na kumshika kidogo ili anizoee. Je, ni mgonjwa? Nimlishe kwa nguvu?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari: tafadhali usimlishe kwa nguvu. Kumpanua nyoka kinywa na kumsukumia panya kooni kunaweza kumchubua kinywa na umio, na hata asipoumia, kila akiona panya atakumbuka kukamatwa. Sisi madaktari wenyewe hatufikii hatua hiyo mpaka njia nyingine zote zimeshindikana. Chatu hautumii mlo wake kujitengenezea joto la mwili kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo siku 18 bila kula, kwa nyoka aliyefika akiwa na mwili mzuri, hazijawa tatizo la afya.

Kwa jinsi ulivyomweleza, namwona nyoka mwenye hofu kuliko nyoka mwenye ugonjwa. Donge unalolitaja, kichwa kikiwa kimefichwa katikati, ndiyo kinga yake ya asili anapohisi kuna adui. Porini, katika Afrika Magharibi na ya Kati, chatu huyu hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, mahali ambapo kuta humgusa ubavuni. Kwake, tangi lako la kioo ni uwanja mtupu unaoonekana kutoka pande zote, na mnyama anayejihisi kuwindwa hawezi wakati huohuo kuwa mwindaji.

Kwa hiyo tengeneza kwanza makazi, chakula kitafuata. Weka mapango mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kupata joto. Kila pango liwe na mlango mmoja na liwe finyu kiasi kwamba akijikunja ndani, mgongo wake unagusa kuta. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi nzito, kisha jaza nafasi iliyo wazi kwa magome, majani makavu safi au hata karatasi zilizofinyangwa; yeye hatajali uzuri wake.

Joto linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tumbo la nyoka hufanya kazi kwa joto la nje. Akiwa baridi, nyama huanza kuoza tumboni kabla ya kumeng'enywa, na mwili wake hujikinga kwa kukataa kula au kwa kutapika. Sakafu ya upande wa joto iwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi, upande wa ubaridi kati ya 24 na 27, na unyevu wa hewa usishuke chini ya asilimia 55. Nilipata kuitwa kumwangalia chatu aliyegoma kula kwa wiki sita, na mwenyewe alinionyesha kwa uhakika kabisa kipimajoto kilichobandikwa juu ya kioo kikisoma nyuzi 31. Nilipopima sakafu ndani ya pango, pale nyoka alipolala, nilikuta nyuzi 25. Tulibadilisha chombo cha joto na kukifunga themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango, na siku tisa baadaye chatu alikula bila kubembelezwa. Ndiyo maana nakusihi upime pale anapolaza tumbo, na usiwashe chombo chochote cha joto kisicho na themostati, kwani nyoka anaweza kuungua bila kujiondoa.

Baada ya hapo mwache. Kwa siku saba usimshike, usimtoe, usigonge kioo. Badilisha maji na uondoke. Najua hili ni gumu kwa mtu aliyempenda mnyama wake, lakini kumshika kila jioni, pamoja na kumletea panya kila baada ya siku mbili, kumemfanya akae katika tahadhari muda wote. Baada ya siku hizo mpe chakula jioni, na akikataa usirudie mpaka wiki nyingine ipite.

Jinsi unavyomwandaa panya nayo ina uzito wake. Chatu huyu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto la mawindo, kwa hiyo panya aliyeyeyukia mezani, ingawa ananukia panya, kwake hana dalili ya uhai. Myeyushe ndani ya jokofu usiku kucha, kisha mtie katika mfuko usiopitisha maji na umzamishe kwenye maji ya moto hadi mwili wake ufikie nyuzi 38 hivi. Usitumie maikrowevu, kwa kuwa hupika sehemu za ndani na panya huweza kupasuka. Unene wake ulingane na sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Kwa chatu wako, panya wa gramu 20 hadi 30 anatosha.

Punguza taa, mkaushe panya, mshike kwa koleo refu na umsogeze taratibu hadi karibu na mlango wa pango, akipita kwa mbali kidogo kama panya anayejiendea zake, wala usimsukume usoni mwa nyoka. Kisha tazama ulimi. Kwanza utatoka polepole, halafu kwa haraka zaidi. Shingo itajikunja nyuma mfano wa herufi S, na kichwa kitafuata joto kila linakokwenda. Hapo tuliza mkono. Akirukia na kumviringisha panya, achia koleo, funga tangi kimya kimya na uondoke, kwa maana nyoka wengi waoga humtema panya wakiona kivuli kikisogea. Akirudisha kichwa nyuma, mwache panya kwenye kisahani mlangoni mwa pango usiku huo na umtoe asubuhi.

Muulize pia aliyekuuzia kama chatu alizoea panya hai au waliokufa, na wa aina gani, kwa kuwa aina hii hung'ang'ania alichoanza nacho. Mara nyingine inasaidia kumsugua panya mweupe kwa matandiko yaliyolaliwa na panya shamba wa jenasi ya Mastomys, ambao ni mawindo yake ya asili. Kumwachia panya hai sikushauri. Panya aliyebanwa huuma, na nimeshona vidonda virefu vya meno mgongoni mwa chatu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; nyoka aliyeumwa na panya naye huweza kumwogopa hata panya aliyekufa.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya gramu na uandike. Namba hiyo itakwambia ukweli kuliko wasiwasi wako. Akipoteza gramu 24, yaani asilimia 10 ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia, ukibeba na kinyesi chake kibichi ili kipimwe minyoo. Usisubiri uzito ushuke ukiona anapumua kinywa wazi, anatoa sauti ya kukoroma, ana mapovu puani, ufizi umevimba au una usaha, au kuna vidoa vyeusi vinavyotembea kati ya magamba na kuelea kwenye bakuli la maji, ambavyo ni utitiri. Macho yakigeuka ya buluu yenye ukungu, anajiandaa kujivua gamba. Msubiri amalize ndipo umpe chakula. Utasikia kwamba chatu wakubwa hufunga kula miezi kadhaa wakati wa kuzaliana, na ni kweli, lakini usimpimie mchanga wako kwa kipimo hicho.

Siku atakapokula, usimguse kwa saa 48, la sivyo huenda akatapika. Na ikitokea ametapika, mpumzishe siku 14 kabla ya kumpa panya mdogo zaidi. Kumshika kuanze baada ya milo mitatu mfululizo, kwa dakika tano tu, na unawe mikono kwa sabuni kabla na baada, kwani bakteria wa salmonela hukaa kwenye ngozi yake na harufu ya panya ikibaki vidoleni mwako anaweza kukuuma akidhani ni chakula.