Kabla Hujaiamini Namba ya Ubongo

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, siku hizi programu hutoa namba pamoja na picha: ujazo wa hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), unene wa gamba la ubongo, jinsi maji yanavyosambaa ndani ya tishu. Zinasaidia kweli. Kwa mgonjwa wa kifafa, namba inaweza kuonyesha kuwa hipokampasi ya upande mmoja imesinyaa kidogo, tofauti ambayo jicho lingeipita. Ila programu hupima picha mliyompiga mgonjwa, iwe nzuri au mbovu.

Nilimhudumia mama mmoja aliyeletwa na binti yake kwa sababu ya kusahau. Alikuwa amepigwa picha mwaka uliotangulia, na ripoti mpya ikasema gamba limepungua sana. Binti alilia pale koridoni. Nilipofungua picha zenyewe nikaona michirizi ya kichwa kilichotikisika. Mama alikuwa na kikohozi. Mtikisiko hulifanya gamba lionekane jembamba kuliko lilivyo. Tulimpangia siku nyingine kikohozi kikiwa kimetulia, tukamwekea sponji pande zote mbili za kichwa, na namba ikarudi karibu na ya mwanzo. Iliniuma kwamba ripoti ilitoka kabla mtu hajatazama picha. Tazameni picha kwanza, kila mara.

Mashine nayo ina neno lake. Muda wa T1, yaani muda ambao tishu huchukua kurudi kwenye hali yake ya sumaku baada ya wimbi la redio, kwa ubongo uleule ni mrefu zaidi kwenye mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kuliko kwenye ya 1.5, kwa hiyo msilinganishe namba za mashine mbili kana kwamba ni moja. Anayefuatiliwa arudi kwenye mashine ileile, koili ileile (antena inayozunguka kichwa), mpangilio uleule. Programu ikiboreshwa, andikeni tarehe.

Kupima usambaaji wa maji ndani ya tishu, namba inayoitwa ADC, kuna jaribio la bei rahisi ninalolipenda sana. Weka chupa ya maji katikati ya barafu iliyopondwa, ndani ya chombo cha plastiki kisicho na chuma hata kidogo, usubiri joto litulie kwenye nyuzi 0. Mashine inapaswa kusoma karibu 1.1 x 10⁻³ mm²/s. Ikisoma mbali na hapo, mwiteni fundi kabla ya mgonjwa anayefuata.

Tishu nyeupe ya ubongo yenye afya husoma takriban 0.7 hadi 0.8 kwa kipimo hichohicho. Kiharusi kipya huishusha namba hiyo. Cha zamani huipandisha, ingawa vyote viwili vinaweza kung'aa kwenye picha ya usambaaji. Katikati, baada ya wiki moja hivi, namba hupita kwenye kiwango cha kawaida ilhali tishu imeshakufa. Basi muulizeni aliyemleta mgonjwa: dalili zilianza siku gani, saa ngapi? Jibu liandikwe kwenye fomu, kando ya namba.