Damu haipandi miezi mitatu? Acheni kwanza juisi, tafuteni inapopotelea

Mkuu pole sana na shemeji mpe pole pia. Umesema damu yake (HB, yaani kiwango cha damu) ni 8, huu mwezi wa tatu anakunywa juisi ya bitiruti na rozela asubuhi na jioni, fefo (vidonge vya madini chuma na foliki asidi) anameza, kipimo kinarudi kilekile, unauliza aongeze nini. Mimi sio daktari, ila niliwahi kufika 6.4 nikiwa natembea na miguu yangu mwenyewe naenda kazini, so nakuandikia niliyoyapitia.

Kwanza hii imani yetu kwamba kila chekundu kinageuka damu. Nimekunywa rozela, nimekunywa bitiruti, nimekunywa hadi soda nyeusi imekorogwa na tomato ya kopo (usijaribu, utatapika tu). Bitiruti sio mbaya, ina folate yake (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu), lakini madini chuma yake kidogo sana, maini au dagaa vinaizidi mbali.

Yangu ilianza na ngazi. Ofisi ghorofa ya tatu, nikifika juu moyo unadunda mpaka masikioni nasingizia unene. Alafu ikaja barafu, yaani natafuna barafu kama karanga, friji ya ofisini vibarafu vyote vyangu, nikitoka hapo kwenye pochi kuna udongo ule wa kuuzwa sokoni. Watu wakaanza kuniuliza hongera lini. Kumbe kupenda barafu na udongo hivyo ni dalili kabisa ya mwili uliokosa madini chuma, mi nilidhani ni uroho wangu.

Nikienda kituo cha afya wananishusha kope ya chini wanasema huyu mweupe, fefo, nenda. Nikirudi, fefo tena. Karibu mwaka mzima! Na mimi nazimeza na chai ya maziwa asubuhi, hapo hapo, hakuna aliyeniambia chai na maziwa vinazuia madini yasiingie mwilini. Siku niliyodondoka bafuni ndo nikalazwa, nikaongezewa chupa mbili, ndugu zangu wakaenda kutoa damu kufidia, na daktari mmoja mama mtu mzima ndo wa kwanza kuniuliza "mwanangu, siku zako zinaendaje?" Nikamwambia kawaida tu, siku nane. Pedi ngapi? Nikamtajia, na mabonge yanayotoka. Akanitazama akasema hiyo sio kawaida mama. Ultrasound ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, vitatu. Yaani nilikuwa nameza chuma mwezi mzima kinatoka chote ndani ya wiki moja. Mi naona kawaida kwa sababu mama yangu na dada zangu wote ndo wanavyokwenda.

Sasa cha kufanya, apime FBP (kipimo kamili cha damu), sio ile ya kutoboa kidole wakakwambia 8 basi. Kwenye majibu usiangalie HB peke yake (mwanamke asiye na mimba inatakiwa 12 kupanda, mjamzito 11, mwanaume 13), angalia iliyoandikwa MCV, hiyo ni ukubwa wa chembe nyekundu. Yangu ilikuwa 64. Ikiwa chini ya 80 chembe ni ndogo, mara nyingi madini chuma yameisha, sasa uliza yameishaje, hedhi, minyoo ya safura inayopenya kwenye nyayo na kunyonya damu utumboni, au kuna kidonda tumboni. Ikizidi 100 chembe ni kubwa, hapo mara nyingi ni folate au vitamini B12, au pombe, na fefo haitatibu B12 hata ameze gunia. Ikiwa katikati damu inaweza kuwa imepungua tu kwa malaria inayovunja chembe, au figo zimechoka maana figo ndo zinatoa homoni ya kuamrisha mifupa itengeneze damu.

Kuna na ya kuzaliwa nayo. Mtoto wa dada yangu alianza kuvimba viganja na nyayo ana miezi nane, macho ya njano, bibi zake wakasema jicho la watu, akafungwa hirizi. Ilikuwa selimundu, yaani sickle cell. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, yake haifiki hata 20, kwahiyo mwili hauwahi kutengeneza. Yule hapewi madini chuma kiholela kwa sababu kila akiongezewa damu anaongezewa na chuma humo humo, anameza foliki asidi kila siku na haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Baba na mama wote wazima wa afya, kila mmoja kabeba nusu bila kujua.

Na mjomba wangu, huyu ndo aliponea chupuchupu. Dawa za maumivu za mgongo kila siku, damu ikashuka, akapewa fefo, choo kikawa cheusi tukasema si fefo hiyo, kweli fefo inafanya choo cheusi. Ila yake ilikuwa nyeusi kabla hajaanza, inanata kama lami na harufu yake huwezi kukaa karibu. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja. Mzee akiishiwa damu msimpe fefo mkalala, mwanaume hana hedhi ya kusingizia.

Mimi baada ya upasuaji wa ule uvimbe wa kizazi damu ilipanda hadi 12.1 ndani ya miezi minne, na nikaambiwa niendelee na fefo miezi mitatu mingine ijaze akiba hata kama kipimo kimekaa sawa.

Shemeji muulize kuhusu hedhi kwa upole, usimuulize mbele ya watu. FBP ikitoka tupia hapa MCV tuone, ila akiwa anahema akiwa amekaa tu au anaona giza akisimama msisubiri uzi, nendeni leo hii. Fefo ameze saa mbili na maji au juisi ya chungwa, chai yake ahamishie saa nne.