Maji ya jicho hayakaushwi

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 63, ana presha ya macho. Jicho la kulia limesoma 34, matone yameshindwa, ameambiwa afanyiwe upasuaji wa kupitisha maji. Jirani anasema yanavutwa kwa sindano tu, na kuna mtu anauza dawa ya kuyakausha. Akifanyiwa upasuaji, ataona tena vizuri?

Jibu: Marahaba. Nianze na huyo muuza dawa, maana wateja wake naletewa mimi wakiwa wameshachelewa. Maji haya si machozi wala si uchafu. Yako ndani ya jicho, yanalisha lenzi na konea (kioo cha mbele ya jicho), na kwa saa mbili hivi yote huwa yamebadilishwa na mapya. Sasa unakausha nini? Kilichoharibika ni njia ya kutokea. Hata sindano, tunaitumia kwa nadra, presha inapopanda ghafla, na baada ya saa chache maji yamejaa tena.

Upasuaji wenyewe ni trabekulektomi. Tunainua kifuniko chembamba kwenye weupe wa jicho, juu, panapofichwa na kope, tunatoboa tundu dogo chini yake, halafu tunakishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Maji huchuja taratibu na kutuna pale kama lengelenge, kisha mwili huyafyonza. Adui ni kovu: mwili unataka kuziba lile tundu. Ndiyo maana tunapaka mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu, wakati wa upasuaji, na ndiyo maana asikose kliniki hata moja wiki za mwanzo. Hatari zipo: presha kushuka mno, au lengelenge kuingia vijidudu hata miaka baadaye. Jicho likiwa jekundu na kuuma, aje siku hiyohiyo.

Kuona tena kama zamani, hapana. Huo ni upasuaji wa mtoto wa jicho, watu wanachanganya. Neva ya jicho, ile inayopeleka picha kwenye ubongo, ikiuawa na presha haifufuki, tunaokoa iliyobaki.

Juzi kijana mmoja alinionyesha kichupa cha hiyo “dawa ya kukausha”. Nilibandua karatasi ya juu kwa kucha, chini yake lebo ya kiwandani: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, na steroidi kwa watu wengine ndiyo inayopandisha presha ya jicho! Jicho linatulia, wekundu unaisha, mtu anasifu, huku neva inakufa kimyakimya. Deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni: msizinunue bila cheti cha daktari, hata kama ni macho ya mtoto tu yanawasha.