Kwa mnaoanza kazi ya kutetea Kifaransa Quebec

Vijana wetu waliotoka Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura wanaingia kwenye siasa za Quebec, jimbo la Kanada lenye wasemaji wengi wa Kifaransa: mmoja anajitolea kwenye kampeni, mwingine anaajiriwa katika ofisi ya mbunge, mwingine anajiunga na chama akiwa chuoni. Wengi wananiuliza waanzie wapi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, nikibisha milango ya mashariki ya Montréal na nikipokea malalamiko ya wananchi ofisini, na bado naipenda. Haya ndiyo ningetaka myajue kabla hamjapewa fulana ya kampeni.

Kwanza, igeuzeni picha ya Kifaransa mliyotoka nayo nyumbani. Kwetu Kongo Kifaransa kililetwa na Wabelgiji kikakaa juu: ofisini, mahakamani, kwenye vyeti. Anayekijua vizuri anaitwa mkubwa. Quebec ilikuwa kinyume. Waingereza walipoitwaa koloni ile kutoka kwa Ufaransa, kwa vita vya 1759 na mkataba wa 1763, Kifaransa kilibaki kwa wakulima na, baadaye, vibarua wa viwandani. Mwenye kiwanda alisema Kiingereza. Mwaka 1839 Lord Durham, aliyetumwa na London baada ya uasi wa 1837 na 1838, aliandika kwamba watu hawa hawana historia wala fasihi, akapendekeza wamezwe na Waingereza. Miaka ya 1960 tume ya serikali ya shirikisho, iliyoongozwa na André Laurendeau na Davidson Dunton, ilikuta kwamba ndani ya Quebec yenyewe, ambako wao ndio wengi, wanaume wenye asili ya Kifaransa walikuwa karibu na mkiani kwa kipato.

Kwa hiyo mzee wa Hochelaga, mtaa wa mashariki ya Montréal, akikunja uso kwa kuwa mhudumu wa duka amemjibu kwa Kiingereza, msidhani ni kiburi kile cha Kifaransa tulichokizoea. Anamkumbuka baba yake akiamrishwa kazini kwa lugha ya mwingine. Mwacheni amalize kusimulia. Karatasi za chama mtampa baadaye.

Jambo la pili ni shule, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa mambo yote. Zamani wahamiaji wengi waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza, maana ndiko riziki ilikoonekana. Mwaka 1968 na 1969, katika mji wa Saint-Léonard, jambo hilo liliwagombanisha wazazi wa Kifaransa na wazazi wenye asili ya Italia hadi fujo zikazuka mitaani. Serikali za Quebec zilijaribu sheria moja, zikajaribu nyingine, hadi tarehe 26 Agosti 1977 serikali ya René Lévesque ilipopitisha Sheria 101, iliyoandaliwa na waziri Camille Laurin. Tangu hapo mtoto wa mhamiaji husoma shule ya msingi na sekondari kwa Kifaransa. Wanaoruhusiwa shule za Kiingereza za umma ni hasa watoto ambao mzazi wao alisoma kwa Kiingereza nchini Kanada.

Tazameni maana yake. Uhai wa Kifaransa Amerika Kaskazini uliwekwa mikononi mwa watoto wa Haiti, Lebanoni, Vietnam, Ureno, na sasa wa Kivu na Burundi. Sisi si wageni waalikwa katika shughuli hii. Bila watoto wetu hesabu haitimii. Mtu akikwambia kwamba mambo haya ni ya watu waliozaliwa Quebec tangu mababu, mtajie Sheria 101, kisha endelea na kazi yako.

Mtazikuta pia takwimu za sensa zikirushwa huku na huku. Kati ya 2016 na 2021, watu wa Quebec wanaosema hasa Kifaransa nyumbani walishuka kutoka asilimia 79.0 hadi 77.5. Ni takwimu ya kweli, na kushuka huko kunanitia wasiwasi kama kunavyowatia wengine. Lakini inapima jikoni. Mama wa Uvira anayewauguza wazee kwa Kifaransa mchana kutwa, kisha akafika nyumbani akazungumza Kiswahili na wanawe, anahesabiwa upande wa wanaokipunguza. Hiyo si haki kwake. Sheria 101 inahusu shule, kazi, biashara na serikali. Haijamwomba mtu yeyote aache lugha ya mama yake mezani. Lisemeni hilo kila mnapopewa nafasi, kwa upole na kwa uthabiti, na wanenu endeleeni kuwapa Kiswahili.

Ofisini kitu kitakachowatoa jasho zaidi ni kutofautisha milango miwili. Ottawa, yaani serikali ya shirikisho ya Kanada, ina Sheria ya Lugha Rasmi ya 1969, ya enzi za Pierre Trudeau, iliyofanyiwa marekebisho makubwa 2023. Msingi wake ni haki ya mtu mmoja kuhudumiwa na serikali ya shirikisho kwa Kifaransa au Kiingereza. Quebec ina Sheria 101, na msingi wake ni kwamba Kifaransa ndicho lugha ya pamoja ya mahali pale. Ni fikra mbili tofauti, na mabishano mengi mtakayoyasikia bungeni yanatokana na mgongano wao. Kwa mwananchi aliyesimama mbele yako maana yake ni hii: akilalamikia posta, uwanja wa ndege au Air Canada, barua yake inakwenda kwa Kamishna wa Lugha Rasmi wa shirikisho. Akilalamikia duka, bango au mwajiri wa kawaida, inakwenda kwa ofisi ya Quebec ya lugha ya Kifaransa, inayojulikana kwa herufi OQLF. Mkiikosea njia barua itazunguka miezi, na mwananchi ataamini kwamba hamkumjali.

Air Canada naitaja kwa sababu maalumu. Novemba 2021 mkuu wake, Michael Rousseau, alihutubia wafanyabiashara mjini Montréal karibu hotuba nzima kwa Kiingereza, kisha akawaeleza waandishi wa habari kwamba ameishi huko miaka 14 bila kuhitaji Kifaransa. Aliomba radhi baada ya hasira kuwaka nchi nzima. Waeleze kisa hicho wanaosema vita vya lugha viliisha zamani.

Sheria ya mabango fahamuni historia yake kwa ufupi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa sharti la Sheria 101 la mabango ya biashara kuwa ya Kifaransa pekee. Waziri Mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, akatumia kifungu cha 33 cha Katiba, kinachoruhusu bunge kupitisha sheria licha ya baadhi ya haki za Katiba, kwa muda wa miaka 5 unaoweza kurudiwa. Mwaka 1993 sharti likalegezwa: lugha nyingine ruksa, mradi Kifaransa kitawale. Katiba yenyewe ya 1982 Quebec haijaitia sahihi hadi leo. Hilo nalo mtalisikia kila wiki.

Sasa magumu. Usiku wa kura ya maoni ya 1995, upande uliotaka Quebec ijitenge na Kanada ulishindwa kwa asilimia 49.42 dhidi ya 50.58, na Waziri Mkuu wa Quebec, Jacques Parizeau, akasema wameshindwa kwa sababu ya fedha na kura za makabila ya wahamiaji. Siku iliyofuata alitangaza kujiuzulu. Maneno yale yaliwaumiza watu wetu, na kuna milango mtakayofungiwa kwa ajili yake. Msiyatetee. Lakini harakati hizohizo zilimtoa Gérald Godin, mshairi aliyembwaga Bourassa katika eneobunge la Mercier mwaka 1976, akawa waziri wa uhamiaji na kuishi kwa upendo na jamii za wageni. Parizeau na Godin wote wawili walikuwa wa Parti Québécois, chama kinachotaka uhuru wa Quebec. Ndani ya chama kimoja unachagua unayemfuata.

Vivyo hivyo msikubali kubebeshwa kila kitu kwa kifurushi. Sheria 21 ya 2019 inawazuia walimu wa shule za umma kuvaa alama za dini, na imewafungia njia dada zetu wenye hijabu. Hiyo si sheria ya lugha. Ninaiunga mkono Sheria 101 kwa moyo wote na ninaipinga ile ya 21, na hakuna aliyewahi kunifukuza mkutanoni kwa hilo. Sheria 96 ya 2022 inasema serikali, isipokuwa katika mambo kama afya na usalama, itawasiliana na mhamiaji kwa Kifaransa tu baada ya miezi 6. Kwa baba anayefanya kazi za usiku muda huo hautoshi, na vuli ya 2024 madarasa kadhaa ya Kifaransa yalifungwa kwa kukosa bajeti. Anayekipenda Kifaransa adai madarasa kwanza.

Angalieni pia nje ya Quebec. Familia zetu nyingi ziko Ottawa, Moncton na Winnipeg, ambako Kifaransa ni lugha ya wachache. Manitoba ilikifuta kama lugha rasmi 1890, na Ontario ilibana shule zake kwa Kanuni ya 17 mwaka 1912. Inasikitisha kwamba katika kesi ya shule za Kifaransa za Yukon, iliyoamuliwa 2015, serikali ya Quebec ilisimama upande wa wapinzani wa shule hizo, ikihofia uamuzi ungewapa nguvu Waingereza wa Quebec. Na Wamohawk, Wakri na Wainuit wana lugha zilizokuwa pale kabla ya Wafaransa wala Waingereza kutia mguu. Anayedai haki ya lugha yake awasikilize hao wanapodai ya kwao.

Mwisho ni kazi ya mikono. Katika uchaguzi wa bunge la shirikisho wa 2025, kura za eneobunge la Terrebonne, karibu na Montréal, zilihesabiwa upya mbele ya jaji, tofauti ikawa kura 1, na shauri likaenda mahakamani. Kwa hiyo kila mlango ubisheni. Asiye raia hapigi kura ya Quebec wala ya Ottawa, lakini kubisha milango anaruhusiwa. Kwa chama cha Quebec asitoe hata dola: wanaoruhusiwa kuchangia ni wapiga kura tu, kwa kikomo kilichowekwa na sheria. Na kama mna watoto shuleni, msisubiri kampeni. Wazazi huchagua wajumbe wa baraza la shule mwezi Septemba, uraia hauulizwi, na mara nyingi viti vinatafuta watu.