Re: Withnail and I, mbona kama haijaisha?

Mkuu umeuliza kwa nini mwisho wa muvi ya Withnail and I, Withnail anaachwa tu kwenye mvua anawahubiria mbwamwitu halafu majina yanaanza kupanda. Mi naona imeisha kabisa aisee. Cheki, muvi nzima (ni ya 1987 ila stori ni London ya 1969) Withnail ni muigizaji asiye na kazi, mdomo mrefu, pombe kwa sana, analalamika hapewi nafasi, na sisi hatumwoni jukwaani hata mara moja so unajiuliza huyu kweli anajua au ni maneno tu?

Sasa mwenzake anayekaa naye, muigizaji pia, kapata kazi, kanyoa nywele, anaondoka, hataki hata asindikizwe hadi stesheni, ndo Withnail anabaki pale Regent's Park (bustani ya London yenye zuu) na mwamvuli na chupa ya mvinyo anaanza ile hotuba ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, kuhusu binadamu alivyoumbwa kwa ustadi, na anaipiga vizuri mpaka mwili unasisimka. Kumbe alikuwa anaweza muda wote! Ila watazamaji wake ni wanyama wa zuu nyuma ya vyuma, ambao hata hawamjali.

Afu Bruce Robinson, aliyeiandika na kuiongoza muvi, mwanzo aliandika mwisho mwingine, Withnail anamimina mvinyo kwenye mtutu wa bunduki, anaunywa huku anafyatua. Bora alivyoubadilisha, ule ungekuwa mzito mno kwa komedi, na huu wa mvua unauma zaidi maana jamaa anageuka anaenda zake na kesho ataamka na hangover ileile, kodi ileile, ila sasa yuko peke yake.