Kabla Hujanunua Kitabu Chenye Picha Ukingoni

Dada mmoja wa Muscat ameniandikia. Ameona mtandaoni kitabu cha mashairi cha 1811: kikifungwa ukingo wa kurasa ni dhahabu tupu, kurasa zikilazwa upande inatokea picha ya mto. Muuzaji anaapa kuwa picha ni ya mwaka huohuo. Anunue?

Dada yangu, tulia kwanza.

Mimi naishi Leeds, Uingereza. Mji wa Halifax, alikotoka mfunga vitabu William Edwards na wanawe waliouvumisha ufundi huu wa kuchora ukingoni karne ya 18, ni mwendo wa treni usiofika saa moja. Hata hivyo, kwenye maonyesho ya vitabu bado kuna wanaonitazama kama niliyepotea njia. Mzee mmoja alikishika kitabu mwenyewe, mimi nisikiguse. Kilichapwa 1807. Akazilaza kurasa: Mto Thames, mashua mbili tatu, na nyuma yake Tower Bridge, minara yote miwili! Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, daraja hili lilifunguliwa 1894." Akakifunga, ukingo ukarudi kuwa dhahabu, akaniuliza kama nimewahi kununua kitabu cha bei hiyo. Sijamsahau.

Nimeshanunua, tena mwezi jana, mnadani. Picha yake ni ya karne ya 20 juu ya kitabu cha zamani, na waliokiuza walisema hivyo wazi, bei ikawa ya haki. Vya namna hiyo ni vingi mno, na si aibu kuwa nacho. Aibu ni kuuziwa kwa tarehe ya uongo.

Kwa hiyo itazame picha kabla ya kuutazama mwaka wa kuchapwa. Nguo, madaraja, meli, vyote vinasema. Kagua pia kama rangi imepenya ndani ya kurasa. Fundi mzuri hutumia rangi ya maji kidogo sana, kurasa zikiwa zimebanwa, ili isivuje. Kisha zilaze upande wa pili, kwa sababu vingine vina picha mbili. Taratibu lakini, mgongo wa kitabu cha zamani hupasuka upesi.

Na jamani, tuulize! Watu wetu tunaona haya mbele ya muuzaji mwenye tai, tunalipa kimyakimya.

Mwombe video ya kurasa zikilazwa pande zote mbili, na aandike kwenye risiti kuwa picha ni ya 1811. Akigoma kuandika, mlipe bei ya picha isiyo na tarehe, au mwachie kitabu chake.