Kuhama Umoja, Nairobi uende kuishi Ziwa Turkana

Bro, umeuliza kama unaweza kuachana na kazi ukajitegemee Loiyangalani, pale ukingoni mwa Ziwa Turkana, uvue samaki na upande sukuma wiki. Inawezekana, lakini anza na maji, ya ziwa ni ya magadi na yana floridi nyingi, ukichemsha haitoki, inazidi tu kukolea, ndio maana watu wa huko wanategemea chemchemi. Sukuma sahau, upepo wa huko ni mkali, ndio unazungusha mitambo 365 ya umeme hapo karibu, mimi nilienda na hema la mtumba, usiku wa kwanza likapaa nikalala kwa mawe. Samaki wako, unampasua unamuanika, ila mamba pia wako, usioshee sufuria ukingoni jioni. Jaribu miezi miwili kwanza, nyumba usirudishe funguo.